Kauli, Waraka na Sheria

Mazungumzo ya jioni hii yanahusu jambo ambalo aghalabu hudhaniwa kuwa ni la mawakili na wabunge peke yao, nalo ni namna sheria zinavyotungwa katika nchi yetu, na ni kipi katika maisha ya mfanyakazi, mpangaji, mwanafunzi na mgonjwa wa huku kwetu Karatu na Ngorongoro ambacho kimeandikwa ndani ya sheria hizo, na ni kipi kilichoachwa nje.

Muswada, kwa kaida ya Bunge letu, huchapishwa kwanza katika Gazeti la Serikali. Husomwa mara ya kwanza kule Dodoma. Hupelekwa mbele ya kamati, ambayo huwaalika wadau waje kutoa maoni yao, mara nyingi kwa taarifa ya siku chache zisizomtosha mtu wa Kakesio, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, hata kupata gari la kumfikisha Karatu. Hurudi ukumbini ukajadiliwa, ukarekebishwa na kupitishwa. Na mwisho hupelekwa kwa Rais autie saini, ndipo ukaitwa sheria. Katika safari hiyo yote macho ya watu huelekea kwenye vifungu vya mwanzo, vyenye maneno ya fahari juu ya haki na ustawi, ilhali kifungu ambacho mimi humshauri kila raia akisome kabla ya vingine hukaa karibu na mkia wa muswada, kikisema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba Waziri anaweza kutunga kanuni kwa ajili ya utekelezaji bora wa masharti ya sheria hii. Kuukubali muswada wenye kifungu hicho bila ya kuuliza ni mambo gani yaliyoachwa mikononi mwa Waziri ni sawa na kufunga ndoa ambayo mahari yake itatajwa baadaye, tena na upande mmoja tu.

Yako basi madaraja matatu ya neno la serikali. Iko kauli, ambayo mkubwa huitamka mkutanoni na watu wakaipigia makofi. Iko karatasi ya ofisini, iwe waraka, kanuni, amri au tangazo, ambayo hutiwa saini na mtu mmoja. Na iko sheria yenyewe, ambayo haibadiliki ila Bunge likae tena. Nami nadai kwamba mambo ambayo maisha ya watu wa Karatu na Ngorongoro yameyaegemea kuliko mengine yote yamewekwa, kwa sehemu kubwa, katika madaraja mawili ya kwanza, na kwamba ndiyo sababu watu hawa wamekuwa wakilala na haki fulani na kuamka hawanayo.

Ushahidi wa zamani kabisa wa dai hili uko katika kuzaliwa kwa Hifadhi ya Ngorongoro. Wakati wa utawala wa Kiingereza, hifadhi ya taifa ya Serengeti iliyotangazwa mwaka 1951 ilijumuisha pia nyanda za juu za Ngorongoro, na Wamasai walikuwa wakiishi na kuchunga pande zote mbili. Baada ya mabishano marefu, na baada ya Profesa Pearsall kutoa ripoti ya uchunguzi wake mwaka 1957, ilionekana kwamba eneo ligawanywe. Na tarehe 21 Aprili 1958 wazee kumi na wawili wa Kimasai walitia alama zao katika mapatano ya kuiacha Serengeti, kwa matumaini ya kukaa kwa amani upande wa Ngorongoro na kupatiwa maji ya mifugo yao huko. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya Ngorongoro, na mwezi Agosti wa mwaka huo huo wa 1959 Gavana, Sir Richard Turnbull, akasimama mbele ya Baraza la Wamasai akawaambia kwamba iwapo masilahi ya wanyama wa pori yatagongana na masilahi ya watu wakaao humo, masilahi ya watu ndiyo yatakayotangulizwa.

Kauli hiyo imekuwa ikirithishwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana, na hata leo hakuna mkutano wa malaigwanani, viongozi wa jadi wa Kimasai, unaokwisha bila ya mtu kuitaja. Walakini mwenye kuifungua sheria ya Ngorongoro kama inavyosomeka baada ya marekebisho ya mwaka 1975 atakuta kwamba mamlaka ya hifadhi imepewa kazi kadhaa kwa mfuatano: kuhifadhi maliasili, kuendeleza utalii, kulinda na kukuza masilahi ya raia wa Kimasai wanaojishughulisha na ufugaji, na nyinginezo. Masilahi ya wafugaji yametajwa, la hasha sisemi hayakutajwa. Lakini yametajwa kama kazi moja miongoni mwa kazi, na hakuna mahali panaposema kwamba yakigongana na mengine yatangulie. Neno lile la kutanguliza, ambalo ndilo lililokuwa moyo wa hotuba ya Gavana, halikupata nafasi katika kifungu hicho, wala hapana hakimu awezaye kulisoma pasipoandikwa.

Likafuata jambo la kilimo, ambalo kwangu mimi ni ithibati bayana zaidi. Marekebisho yale ya mwaka 1975 yalipiga marufuku kulima ndani ya hifadhi. Mwaka 1992, njaa ilipokuwa imewabana wafugaji ambao mifugo yao ilikuwa ikipungua huku idadi ya watu ikiongezeka, Waziri Mkuu John Malecela aliwaruhusu walime vibustani vya kujikimu, na kwa miaka mingi mahindi, maharage na viazi vikaonekana kandokando ya maboma. Sheria haikuguswa. Ruhusa ilikuwa ni kauli ya mtu mwenye cheo, na ilidumu kadiri wenye vyeo waliofuata walivyopenda idumu. Ilipofika mwaka 2009 marufuku ikarejea, na mama aliyekuwa amezoea kuchuma mboga nyuma ya nyumba yake akageuka mtegemezi wa mahindi yanayopandishwa kwa lori kutoka Karatu. Sina haja ya kuamua hapa kama kulima katika nyanda zile ni vyema au ni vibaya kwa uhifadhi, maana wataalamu wenyewe wamelibishania. Nataka tu lionekane kwamba jambo la chakula cha watu lilisimamishwa juu ya pumzi ya kiongozi mmoja, na pumzi hiyo ilipokwisha likaanguka.

Tuteremke sasa Karatu, tuwatazame wafanyakazi. Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Mbulu katika miaka ya tisini, inaishi kwa mashamba na kwa wageni. Yako mashamba ya kahawa ya Oldeani na ya mpakani na msitu wa Ngorongoro, yenye historia iliyoanzia kwa walowezi wa Kijerumani. Viko vitunguu vya Mang'ola, vinavyopandwa na kung'olewa na vibarua katika jua la bonde la Eyasi. Na ziko hoteli na kambi za watalii, zinazowaajiri wapishi, wahudumu, walinzi na madereva wanaopanda na kuteremka kreta ya Ngorongoro kila alfajiri.

Mwezi Januari 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi. Yamo ndani yake mambo ya insafu ambayo sioni haya kuyasifu: mama aliyejifungua mtoto kabla ya wakati, ambaye zamani alihesabiwa siku zake 84 za likizo ya uzazi kama mama mwingine yeyote, sasa anaongezewa muda hadi zitimie wiki arobaini za mimba, na mfanyakazi aliyepatwa na dharura anaweza kuomba likizo isiyo ya malipo. Lakini limo pia jambo la mikataba ya muda maalumu, na hili linaigusa Karatu kuliko linavyoigusa Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 2004 iliruhusu mikataba ya namna hiyo kwa wenye taaluma na kwa mameneja tu. Marekebisho yameupanua mlango, yakaingiza hali nyingine, ikiwa ni pamoja na kazi za msimu na kazi zinazoongezeka kwa muda. Mwenye hoteli atasema, na atasema kweli, kwamba masika ya Aprili na Mei barabara hulowa, wageni hupungua na vyumba hubaki vitupu, na kwamba si haki kumlazimisha alipe watu wote kwa mwaka mzima. Mhudumu naye atauliza: mimi niliyefanya kazi katika jiko hili misimu minane mfululizo, kila msimu nikitia saini karatasi mpya, ni mgeni hapa mpaka lini? Swali lake halina jibu la wazi, na mahali pa kulipeleka ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo humtaka aliyeachishwa kazi alete lalamiko lake ndani ya siku 30. Siku hizo mtu aliyefukuzwa Karatu huzitumia kutafuta nauli ya kwenda Arusha, na ushauri wa kumwambia kwamba haki anayo.

Ujira wenyewe hauko katika sheria. Hupangwa kwa amri ya mishahara, ambayo Waziri huitoa baada ya bodi kukaa. Mwezi Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba kima cha chini cha sekta binafsi kitapanda kutoka shilingi 275,060 hadi shilingi 358,322 kwa mwezi, kuanzia Januari 1, 2026. Habari hii ilipokelewa kwa furaha, nami naifurahia. Ila nawaomba wale waliosikia namba hiyo redioni na kuikariri wafahamu kwamba ni wastani wa sekta nyingi zisizolingana, migodi na benki zikiwa ndani yake, na kwamba mkulima kibarua hakuwa popote karibu na wastani huo. Kwa amri ya mwaka 2013 mfanyakazi wa shamba aliwekewa shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa amri iliyoanza Januari 2023 akawekewa shilingi 140,000. Tazameni pia urefu wa ukimya uliopo kati ya amri hizo mbili: miaka tisa na nusu, ambayo bei ya unga, ya mafuta ya taa na ya sare za shule haikukaa kimya hata mwezi mmoja. Amri ya Waziri inaweza kuumiza kwa kutoka, na inaweza kuumiza vilevile kwa kutotoka.

Juu ya wapangaji nitasema machache, kwa kuwa sheria yenyewe imesema machache. Ilikuwako Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, yenye mabaraza ya kusikiliza mashauri ya mpangaji na mwenye nyumba. Ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo masuala hayo yamebaki katika sheria za ardhi na katika mkataba, ambao Karatu mara nyingi ni karatasi moja iliyochanwa daftarini. Mwalimu aliyepangiwa shule ya Ganako, au dereva kijana aliyetoka Moshi kutafuta kazi za watalii, huambiwa atoe kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu yake, kabla hajapokea mshahara wake wa kwanza. Wizara ya Ardhi imekuwa ikizungumzia kwa miaka mingi sheria ya kuisimamia sekta ya milki, na mawaziri kadhaa wamewahi kusema kwamba kutoza miezi sita si vizuri. Kauli tena.

Tukiingia darasani mambo ni yale yale, ingawa huku yamekuja kwa sura nzuri. Elimu bila ada, ambayo kila mzazi anayo katika ulimi wake, ililetwa na Waraka Namba 5 wa mwaka 2015, ikaanza kutekelezwa Januari 2016. Kurejea shuleni kwa binti aliyekatisha masomo kwa kupata ujauzito kuliruhusiwa kwa waraka wa Novemba 2021, ilhali zamani alikuwa akifukuzwa kwa nguvu ya kanuni za mwaka 2002. Kwa hiyo kanuni ilimtoa darasani na waraka ukamrudisha. Na waraka, kwa mujibu wa daraja lake, unaweza kufutwa na waraka mwingine uliopigwa chapa asubuhi na kufika kwa mwalimu mkuu wa Mbulumbulu jioni. Mimi ni miongoni mwa walioshukuru kwa nyaraka zote mbili, na kwa ajili ya shukrani hiyo hiyo ningependa kuziona zimefungwa ndani ya Sheria ya Elimu, mahali ambapo mkono wa mtu mmoja haufiki.

Bima ya afya nayo ilipita njia hiyo. Muswada ulipofikishwa Bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 2022, ilitajwa hadharani shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na nchi nzima ikapiga kelele, muswada ukarudishwa. Ulipopitishwa Novemba 2023 kelele zilikuwa zimetulia, kwa sehemu kwa sababu kiwango cha kaya isiyo na ajira rasmi kiliachwa kipangwe kwa kanuni. Na mtu hawezi kuukasirikia muswada kwa namba isiyokuwamo. Huo ni ufundi wa kutunga sheria ambao ningemtaka kila msikilizaji aujue.

Nimeyaleta haya yote ili tufike Agosti 2024, ambapo dai langu lilitimia kwa namna ambayo mwenyewe nisingethubutu kuibuni. Kwa Tangazo la Serikali Namba 673, la tarehe 2 ya mwezi huo, lililotolewa chini ya sheria ya serikali za mitaa, kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya tarafa ya Ngorongoro vilifutwa. Hakuna muswada uliosomwa. Hakuna kamati iliyowaita wadau. Watu zaidi ya laki moja, wenye nyumba, mifugo, makaburi ya wazee wao na watoto darasani, waliamka mahali ambapo kwa macho ya utawala hapana kijiji. Na pasipo na kijiji hapana mwenyekiti wa kijiji, hapana mkutano mkuu, na ni vigumu kuona fedha ya darasa au ya zahanati itatumwa kwa nani, au mtu atajiandikisha kupiga kura kwa anwani gani, na uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa umekaribia, mwezi Novemba.

Wala jambo hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Tangu Juni 2022, yalipoondoka magari ya kwanza kuelekea Msomera, wilayani Handeni, wakazi waliosema hawataki kuhama walikuwa wakilalamika kwamba ujenzi na ukarabati wa madarasa na vyoo unakwama kwa kukosa vibali, na kwamba huduma za afya za Endulen, humo hifadhini, zimepunguzwa. Maana ndani ya hifadhi kila tofali, kila bati na kila kisima vinahitaji kibali, na kibali ni karatasi ya daraja la pili. Serikali ilisisitiza kwamba kuhama ni kwa hiari, na waliohama walipewa nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja cha ekari mbili na nusu na shamba la ekari tano. Sipuuzi ukarimu huo. Ila hiari ya mtu ambaye zahanati yake inafungwa pole pole ni hiari yenye mashaka, na nyumba moja kwa mkuu wa kaya, katika jamii ambayo mkuu wa kaya aweza kuwa na wake watatu na kila mke ana nyumba yake aliyoijenga kwa mikono yake, ni mpango uliochorwa na mtu asiyewahi kuingia bomani.

Tarehe 18 Agosti wananchi walitoka kwa maelfu, wakiwa na mashuka yao mekundu na matawi ya miti mikononi, wakakaa barabarani, nayo magari ya watalii yakasimama. Tarehe 22 Mahakama Kuu mjini Arusha ikalisimamisha lile tangazo, katika shauri lililofunguliwa na mkazi wa huko. Na siku iliyofuata Waziri William Lukuvi akafika, akawaambia kwamba huduma zitaendelea na kwamba watapiga kura mahali pao. Watu wakashangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini hebu tulitazame tukio lile kwa utulivu: karatasi ya Waziri mmoja iliviondoa vijiji, na kauli ya Waziri mwingine ikavirudishia uhai, na baina ya hizo mbili ilisimama amri ya mahakama iliyoombwa na mtu mmoja mwenye ujasiri. Hata njia hiyo ya mahakama ilikuwa imefanywa nyembamba mwaka 2020, yalipofanywa marekebisho yaliyomtaka anayekwenda kudai haki za kikatiba athibitishe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika, hata wakili wa mjini au chama cha wanasheria wakawa hawawezi kumsemea kwa wepesi mchungaji wa Alailelai ambaye hajui kama amefutwa.

Nasikia mtu akiniuliza, na ni swali la haki: je, unataka kila jambo liandikwe ndani ya sheria, Bunge likae kila mara bei ya mahindi inapopanda? Siombi hivyo. Mishahara lazima iwe katika amri, kwa kuwa hupaswa kupanda pamoja na maisha, na kuifunga ndani ya sheria ni kuigandisha; ninachotaka huko ni ukomo wa muda usioweza kupuuzwa, ili miaka tisa na nusu isijirudie. Vipimo vya dawa, fomu za maombi, rangi ya sare, hayo ni ya kanuni na yabaki huko. Lakini kuwapo kwa kijiji, kuwapo kwa shule, haki ya kupiga kura mahali unapolala, na haki ya mtoto kutoulizwa ada mlangoni, si mambo ya kupanda na kushuka pamoja na majira.

Na mhifadhi naye ana hoja, tena nzito. Mwaka 1959 waliokuwa wakiishi katika hifadhi hii walikadiriwa kuwa watu elfu nane hivi. Leo wamepita laki moja, katika eneo lile lile la kilomita za mraba 8,292, na faru, tembo na nyumbu hawakuongezewa ardhi. Kreta ile huingiza fedha za kigeni ambazo nchi hujengea barabara na hospitali za mbali na hapa, na Karatu nzima, kuanzia muuza ndizi wa stendi hadi mwenye hoteli ya ghorofa, ingedhikika siku watalii wakiacha kuja; tuliionja dhiki hiyo mwaka 2020, hoteli zilipofungwa kwa maradhi ya korona na vijana wakarudishwa makwao. Yawezekana kabisa kwamba Bunge, likiyapima yote hayo mchana kweupe, litaamua kwamba idadi ya watu na ya mifugo ndani ya hifadhi iwe na mpaka. Uamuzi huo utawaumiza wengine, na mimi sitaupenda. Lakini utakuwa umefanywa na watu mia kadhaa waliosimama mmoja mmoja na majina yao yakaandikwa katika kumbukumbu rasmi, na mbunge aliyeupigia kura ataulizwa akirudi jimboni. Tangazo halina jimbo la kurudi.

Tarehe 1 Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Wamasai mjini Arusha, na kutokana na mazungumzo hayo ziliundwa tume mbili, zilizozinduliwa Februari 2025: moja ya kuchunguza migogoro ya ardhi, ikiongozwa na Jaji wa Mahakama ya Rufani Gerald Ndika, na nyingine ya kuangalia zoezi la kuhama kwa hiari, ikiongozwa na Mhandisi Musa Iyombe. Kazi ya tume yoyote huwa na thamani kwa kadiri ya kile kinachofika Bungeni kutokana nayo, na sheria ya Ngorongoro, iliyorekebishwa mara kadhaa tangu siku za Gavana, bila shaka italetwa tena mezani.

Siku muswada huo utakapochapishwa, msiupokee kwa kusikia tu hotuba ya kuuwasilisha. Tafuteni kifungu kinachosema kijiji ni nini ndani ya hifadhi, na nani anaweza kukifuta, na kwa hatua zipi. Kama hakimo, hilo ndilo ombi lenu la kwanza. Tafuteni lile neno la kutanguliza, mwone kama kazi za mamlaka bado zimepangwa bila ya kusema ipi huipisha nyingine. Tafuteni vibali vya shule na zahanati, mwone kama mwenye kutoa kibali amewekewa idadi ya siku za kujibu, na kama ukimya wake utahesabiwa kuwa ni ruhusa au ni kukataliwa. Kwa waliohama, tafuteni ni hati gani watakayoshika mikononi juu ya nyumba na shamba walilopewa, na kama mke ametajwa humo. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, kwa hiyo hakuna atakayewaambia kwamba muswada haupo kwa lugha mnayoisoma. Na kwa wazee wasiosoma, vijana wetu wa sekondari wanaweza kuwafasiria kwa Kimaa, kwa Kiiraqw na kwa Kidatoga, fungu kwa fungu, hata kama itachukua siku tatu chini ya mti.

Maoni hupelekwa kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge, Dodoma, na kamati hupaswa kuyapokea hata kama hamkuweza kusafiri. Yaandikeni mapema, kabla tangazo la kuwaita wadau halijatoka, kwa maana likishatoka siku zilizobaki zitakuwa chache. Na chini ya karatasi hiyo watie saini zao wenyeviti wa vijiji vyote 25, kila mmoja akiandika jina la kijiji chake.